Sifongo inayonasa dhahabu iliyojificha kwenye taka za kielektroniki

KATIKA nyumba nyingi za mijini haikosekani simu iliyokufa, kompyuta iliyoacha kuwaka au kisimbuzi kilichoungua, ambacho kimesukumwa uvunguni kusubiri siku ya kutupwa. Mwenye nacho hukiona ni takataka. Wataalamu wa kemia hukiona ni mashapo ya madini, tena yenye dhahabu nyingi kwa kila tani kuliko miamba mingi inayochimbwa migodini.

Kwamba dhahabu imo ndani ya vifaa hivyo lilikuwa jambo linalojulikana kwa miaka mingi. Kilichosumbua ni namna ya kuitoa bila kumwaga sumu, na bila gharama kuzidi thamani ya kinachopatikana. Tangu mwaka 2018, maabara za Uswisi, Korea Kusini na kwingineko zimetangaza majibu yanayofanana: dutu zenye vitundu vidogo mno, mfano wa sifongo, zinazoichagua dhahabu kutoka katika mchanganyiko wa metali nyingi na kuziacha nyingine zipite.

Habari hiyo ni njema, lakini yafaa ieleweke vizuri. Sifongo hufanya kazi ya mwisho katika mnyororo mrefu unaoanzia kwa mwenye simu, ukapitia kwa mwokota taka na fundi, hadi kwenye pipa la tindikali. Faida ya uvumbuzi huo kwa miji ya Afrika Mashariki itategemea zaidi hatua hizo za mwanzo kuliko sifongo yenyewe.

Mgodi ulio juu ya ardhi

Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, likiwa ni ongezeko la asilimia 82 ikilinganishwa na mwaka 2010. Kati ya hizo, ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaokubalika. Barani Afrika kiwango hicho hakikufikia hata asilimia moja.

Ripoti hiyo ilikadiria kuwa metali zilizokuwamo katika taka za mwaka huo zilikuwa na thamani ya dola bilioni 91 za Marekani. Shaba ilichukua dola bilioni 19, chuma bilioni 16 na dhahabu bilioni 15. Sehemu kubwa ya utajiri huo iliishia majalalani, motoni au katika mikono isiyojua imebeba nini.

Wapo wanaojiuliza dhahabu inatafuta nini ndani ya simu. Jibu ni kwamba metali hiyo hupitisha umeme vizuri na haishiki kutu hata ikikaa hewani kwa miaka mingi. Ndiyo maana viwanda huipaka, kwa tabaka jembamba sana, kwenye meno ya viunganishi na mahali kadi inapogusana na bodi. Nyaya zake, nyembamba kuliko unywele, hutumika pia ndani ya chipu nyeusi zilizopangwa juu ya bodi. Fedha hupatikana kwenye lehemu na swichi, nayo paladi hupatikana kwenye kapasita ndogo za kauri.

Kiasi kilichomo katika simu moja ni kidogo. Shirika la Jiolojia la Marekani lilikadiria mwaka 2006 kwamba simu moja ya wakati huo ilikuwa na gramu 0.034 za dhahabu, gramu 0.35 za fedha na gramu 16 za shaba. Kwa hesabu hiyo, zilihitajika simu 30 hivi ili kupata gramu moja ya dhahabu.

Hata hivyo, simu hizo zikikusanywa hadi zikafika tani moja, bila betri zake, hutoa gramu 300 hivi za dhahabu. Migodi mingi huendeshwa kwa mawe yenye gramu moja hadi tano tu kwa tani.

Japani ilionyesha jambo hilo mbele ya macho ya dunia. Kati ya Aprili 2017 na Machi 2019, wananchi wa nchi hiyo walikabidhi tani 78,985 za vifaa vidogo vya umeme, pamoja na simu za mkononi zipatazo milioni 6.21, kwa ajili ya medali za Olimpiki ya Tokyo. Zikapatikana kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za metali ya medali za shaba.

Zoezi hilo liliacha somo jingine. Kilo 32 kutoka katika shehena ya namna hiyo ni ushahidi kwamba dhahabu haikugawanyika sawasawa. Taka zikirundikwa pamoja, bodi chache zenye madini humezwa na lundo la plastiki, vioo na chuma. Anayetaka dhahabu hana budi kujua kwanza ni kipande kipi kinacho.

Kuitambua kabla ya kuitoa

Hatua ya kwanza ya utambuzi hufanywa kwa macho. Wanunuzi wa bodi huzipanga kwa madaraja: bodi za simu na za kompyuta kubwa za ofisini huwekwa juu, bodi za televisheni na za vifaa vya jikoni huwekwa chini. Hata hivyo, rangi ya njano peke yake si ushahidi, kwani aloi ya shaba na zinki nayo hung'aa njano.

Njia ya pili ni kifaa cha eksirei cha kushika mkononi, chenye umbo la bastola. Kifaa hicho hupiga miale kwenye kitu kinachopimwa, na kila metali hurudisha miale yenye nguvu ya aina yake. Kwa sekunde chache, kioo huonyesha orodha ya metali zilizomo. Udhaifu wake ni kwamba huona zaidi kilicho juu. Tabaka jembamba la dhahabu linaweza kuifanya bodi hafifu ionekane tajiri, na dhahabu iliyo ndani ya chipu isionekane kabisa.

Njia ya tatu, inayoaminika zaidi, ni kusaga sampuli, kuiyeyusha kwa tindikali na kuipima maabara. Njia hiyo huchukua muda, huhitaji mashine za bei kubwa na mtaalamu wa kuzitumia.

Hapo ndipo dutu zenye vitundu zinapoingia kwa mara ya kwanza. Baadhi yake zimeundwa ziwe na uwezo wa kung'aa zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Zikitumbukizwa katika maji yenye dhahabu iliyoyeyushwa, chembe za dhahabu huingia vitunduni na mng'ao hufifia. Kadiri dhahabu inavyokuwa nyingi ndivyo mng'ao unavyopungua, na kwa kupima upungufu huo mtaalamu hukadiria kiasi kilichomo hata kama ni sehemu chache katika milioni.

Uzuri wa njia hiyo ni kwamba dutu moja inaweza kutoa taarifa na papo hapo kunasa. Ugumu wake ni kwamba metali nyingine, hasa chuma, nazo huweza kufifisha mng'ao. Kwa sababu hiyo majibu huhitaji kuhakikiwa, na vipimo vya aina hiyo vingi bado ni vya maabara.

Moto na tindikali

Viwanda vikubwa vya kurejeleza, kama kile cha Umicore kilichoko Hoboken nchini Ubelgiji, huzitupa bodi kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Shaba iliyoyeyuka hubeba dhahabu, fedha na paladi, kisha metali hizo hutenganishwa hatua kwa hatua. Moshi huchujwa kwa mitambo ambayo ujenzi wake hugharimu fedha nyingi. Ndiyo maana viwanda vya namna hiyo ni vichache duniani, na huhitaji maelfu ya tani ili vijiendeshe.

Mitaani mambo ni tofauti. Katika majalala ya miji mingi ya Afrika na Asia, nyaya huchomwa moto ili plastiki iungue na shaba ibaki. Bodi hupashwa moto juu ya jiko la mkaa ili lehemu iyeyuke, kisha vipande vyenye rangi ya njano huloweshwa katika tindikali ndani ya ndoo. Mtu huinama juu ya ndoo hiyo akivuta mvuke wake, mara nyingi pasipo glavu wala barakoa.

Lehemu ya zamani ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Plastiki za bodi zina kemikali za kuzuia moto, nazo zikichomwa ovyo hutoa sumu kali zinazodumu ardhini na mwilini kwa miaka. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mahususi mwaka 2021 kuhusu watoto na majalala ya kidijitali, likionya juu ya madhara kwa watoto na kina mama wajawazito wanaoishi au kufanya kazi karibu na maeneo hayo.

Kibaya zaidi, njia hiyo ni ya hasara. Anayechoma na kuloweka hupata sehemu tu ya dhahabu iliyokuwamo, na kinachobaki humwagwa mtaroni pamoja na tindikali.

Namna vitundu vinavyochagua

Kabla sifongo haijafanya kazi, ni lazima metali ziwe ndani ya maji. Bodi hukatwakatwa na kuloweshwa katika kimiminika kikali. Kinachojulikana zaidi ni mchanganyiko wa tindikali ya haidrokloriki na ile ya nitriki, ambao tangu zamani huitwa maji ya kifalme kwa kuwa huiyeyusha dhahabu, metali iliyohesabiwa kuwa mfalme wa metali.

Kinachopatikana ni mchuzi wenye shaba, chuma, nikeli, bati, risasi na chembe za dhahabu. Katika simu ile ya makadirio ya mwaka 2006, shaba ilikuwa karibu mara 470 ya dhahabu. Kuitoa dhahabu humo ni sawa na kuokota punje moja ya mchele mwekundu katika bakuli la mchele mweupe. Dutu zenye vitundu huimudu kazi hiyo kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni eneo. Kitu chenye vitundu vingi huwa na kuta nyingi kwa ndani, kama jengo lenye vyumba visivyohesabika. Gramu moja ya mkaa amilifu, ule unaotumika kusafishia maji, huweza kuwa na kuta zenye jumla ya mita za mraba 1,000 hivi. Kila sehemu ya ukuta ni mahali ambapo chembe ya dhahabu yaweza kunata.

Zipo dutu zinazoupita mkaa huo kwa mbali. Hizo ni fremu zinazojengwa kwa kuunganisha metali na molekuli za kaboni, mfano wa jukwaa la miti wanalosimamisha mafundi wajenzi: metali hukaa kwenye maungio, molekuli zikawa ndizo fito. Gramu chache za fremu hizo huwa na kuta zinazotosha kufunika uwanja wa mpira. Wanasayansi watatu walioanzisha na kuendeleza fani hiyo, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025.

Sababu ya pili ni chaji. Ndani ya tindikali ya haidrokloriki, kila atomu ya dhahabu hushikamana na atomu nne za klorini na kuwa na chaji hasi. Shaba na nikeli kwa sehemu kubwa hubaki na chaji chanya. Kuta za vitundu zikiwekewa viambato vyenye naitrojeni, ambavyo hupata chaji chanya katika tindikali, huivuta dhahabu na kuzisukuma nyingine.

Sababu ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Dhahabu iliyoyeyushwa ina pupa ya kupokea elektroni. Ikikutana na ukuta ulio tayari kuzitoa, huzipokea na kurudi kuwa metali ngumu papo hapo. Ikishageuka hivyo haitoki tena kirahisi, na nyingine hujishikiza juu yake. Shaba, chuma na nikeli hazina pupa ya kiasi hicho, hivyo hubaki majini.

Maziwa, chuma na pete za kaboni

Mwaka 2018, kundi la watafiti wa chuo cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, likiongozwa na Wendy Queen, lilieleza dutu waliyoiunda kwa fremu ya chuma iliyofunikwa kwa polima ndani ya vitundu vyake. Gramu moja ya dutu hiyo ilinasa miligramu 934 za dhahabu, yaani karibu uzito wake yenyewe. Ilifanya kazi kwa muda usiozidi dakika mbili, na dhahabu iliyopatikana ilikuwa na usafi wa karati 23.9. Ilijaribiwa katika mchuzi wa taka za kielektroniki, maji ya mto na hata maji ya bahari.

Mwaka 2020, watafiti wa taasisi ya KAIST ya Korea Kusini wakiongozwa na Cafer Yavuz walitangaza polima yenye vitundu iliyojengwa kwa pete za kaboni na naitrojeni, za jamii moja na zile zinazobeba chuma katika damu ya binadamu. Gramu moja ya polima hiyo ilibeba gramu 1.62 za dhahabu, zaidi ya uzito wake yenyewe.

Jaribio lililovuta hisia za wengi lilitoka chuo cha ETH cha Zurich mwaka 2024. Raffaele Mezzenga, Mohammad Peydayesh na wenzao hawakuanza na kemikali adimu. Walichukua protini za maji ya maziwa, yale yanayobaki baada ya jibini kutengenezwa, ambayo kwa viwanda vingi ni mabaki tu. Protini hizo zilipashwa joto katika tindikali hadi zikawa nyuzinyuzi nyembamba mno, zikagandishwa kuwa uteute, kisha zikakaushwa. Ikabaki sifongo nyepesi.

Watafiti hao walichukua bodi kuu 20 za kompyuta, wakachopoa sehemu zenye metali na kuziyeyusha katika tindikali. Sifongo ilipotumbukizwa, chembe za dhahabu zilinata kwenye nyuzi. Metali nyingine nazo zilinata, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Sifongo ikapashwa moto, dhahabu ikageuka vipande vidogo, na vipande vikayeyushwa kuwa punje moja ya miligramu 450.

Punje hiyo ilikuwa na asilimia 91 ya dhahabu, na iliyobaki ilikuwa shaba. Huo ni usafi wa karati 22, ambao sonara yeyote angeukubali. Kwa hesabu za watafiti hao, gharama ya malighafi na nishati ilikuwa ndogo mara 50 kuliko thamani ya dhahabu iliyopatikana.

Kanda ya Ziwa wanaijua kaboni

Kwa Watanzania, wazo la kunasa dhahabu kwa kitu chenye vitundu si geni. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, mchimbaji anapozungumzia kaboni huwa na maana ya punje nyeusi za mkaa amilifu, aghalabu uliotengenezwa kwa vifuu vya nazi. Mchanga wenye dhahabu huloweshwa katika maji yenye sianidi, dhahabu ikayeyuka, na maji hayo yakapitishwa kwenye kaboni. Kaboni iliyoshiba hupelekwa kwenye mitambo ya uchenjuaji, ambako dhahabu hutolewa.

Mgodi wa Geita nao hutumia kaboni katika matangi yake. Teknolojia hiyo ilianza kutumika kwa kiwango kikubwa mwaka 1973 katika mgodi wa Homestake nchini Marekani, ikaenea duniani kote.

Hivyo basi, Tanzania inao watu wanaojua kupima dhahabu iliyomo katika kimiminika, kujua kaboni imeshiba au bado, na kuitoa bila kuipoteza. Ujuzi huo ndio unaohitajika katika taka za kielektroniki, na ni hazina ambayo nchi nyingi zenye maabara bora hazina.

Lakini mtambo wa mchanga hauwezi kuhamishiwa kwenye bodi hivi hivi. Mchanga wa mgodini huwa na shaba kidogo, wakati bodi imejaa shaba. Shaba hula sianidi nyingi kabla dhahabu haijaguswa, na hugombea nafasi ndani ya kaboni. Ndiyo sababu watafiti wanatafuta sifongo zenye uchaguzi mkali zaidi, na wanaepuka sianidi.

Pale sifongo inapoishia

Pamoja na sifa zote hizo, yapo mambo ambayo dutu zenye vitundu haziyatatui. La kwanza ni kwamba haziyeyushi bodi. Sifongo hungoja dhahabu iletwe ikiwa tayari majini, na kuileta huko ndiko kwenye hatari. Mvuke wa maji ya kifalme unachoma mapafu, ndani ya maabara na uani vilevile. Tofauti ni kwamba maabarani kuna feni za kuvuta hewa, glavu na mahali pa kusafishia maji machafu.

La pili ni wingi. Bodi 20 zilitoa punje ya miligramu 450. Ukitoa shaba iliyomo, kila bodi ilichangia miligramu 20 hivi za dhahabu. Ili kupata kilo moja, zingehitajika bodi karibu 50,000. Hakuna mji unaoweza kuzipata bila mfumo wa kukusanya wa kudumu.

La tatu ni kilichobaki. Dhahabu ikishatolewa, pipa bado lina shaba, nikeli, risasi na tindikali. Mtambo unaochukua dhahabu na kumwaga mengine utakuwa umebadilisha jina tu la kile kinachofanyika uani. Mtambo unaojitegemea ni ule unaouza shaba pia na kuisafisha tindikali kabla haijatoka nje.

Uthibitisho kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa bila tanuri umeanza kuonekana nje ya maabara. Agosti 2024, kiwanda cha sarafu cha Serikali ya Uingereza, Royal Mint, kilifungua mtambo huko Llantrisant, Wales, wenye uwezo wa kuchakata tani 4,000 za bodi kwa mwaka. Mtambo huo hutumia kemikali za kampuni ya Excir ya Canada, zinazoyeyusha dhahabu katika joto la kawaida kwa muda mfupi. Hapo sifongo si sehemu ya habari, lakini somo ni lile lile: kemia hufanikiwa pale ambapo shehena inafika kila siku.

Sheria zimebadilika

Mpaka sasa, njia ya kawaida kwa vituo vya Afrika vinavyofanya kazi kwa kufuata sheria imekuwa kufungua vifaa, kutenganisha plastiki, chuma na shaba, kisha kuzisafirisha bodi kwa viwanda vya nje. Kazi chafu hufanyika nyumbani, na dhahabu hutolewa ughaibuni.

Kuanzia Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki, ziwe hatarishi au zisiwe, zisivuke mpaka kabla nchi inayozipokea haijaarifiwa na kuridhia kwa maandishi. Lengo ni kuzuia nchi tajiri kutupa vifaa vibovu kwa maskini kwa kisingizio cha mitumba. Lakini utaratibu huo huo unaugusa pia mzigo wa bodi unaotoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda Ulaya, hivyo makaratasi na muda wa kungoja vimekuwa sehemu ya gharama.

Kwa maneno mengine, sababu za kutaka dhahabu itolewe hapa hapa zimeongezeka, na teknolojia ndogo isiyohitaji tanuri la mabilioni imeanza kukomaa wakati huo huo.

Kanda hii haianzi sifuri. Rwanda ina kituo cha Bugesera chenye uwezo wa kuchakata tani 10,000 kwa mwaka. Nairobi ina kituo cha kurejeleza vifaa vya umeme tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022, ikifuatiwa na kanuni zinazowabana wazalishaji na waagizaji wawajibike kwa bidhaa zao zinapochakaa. Tanzania ilitoa kanuni za usimamizi wa taka za kielektroniki mwaka 2021.

Kinachopungua ni kiungo kati ya sheria hizo na mtu wa kwanza katika mnyororo. Mwokota taka huuza bodi kwa anayelipa haraka. Ikiwa kituo rasmi kiko mbali, kinalipa kidogo au kinadai vibali asivyokuwa navyo, bodi itakwenda kwenye ndoo ya tindikali, na hakuna sifongo ya Zurich itakayoifuata huko.

Kilicho mikononi mwa mwananchi

Mwenye simu au kompyuta mbovu anaweza kuanza na mambo machache. Kwanza, asichome wala asivunje bodi, kwani bodi nzima ina thamani kubwa kuliko vipande na haina vumbi la sumu. Pili, betri itenganishwe na kukabidhiwa peke yake, kwa kuwa betri za lithiamu zikitobolewa hulipuka moto. Tatu, afute taarifa zake na kuondoa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kukabidhi.

La nne ni swali la kumuuliza anayenunua: bodi hizi zinakwenda wapi? Mnunuzi anayefuata utaratibu atakuwa na kibali cha mamlaka ya mazingira na ataweza kutaja kituo anachopeleka. Asiye na jibu huenda anapeleka uani kwa mtu, ambako bei ya gramu moja ya dhahabu hulipwa kwa mapafu ya kijana na damu ya mtoto wa jirani.

Kwa upande wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti za kanda hii, mlango uko wazi. Vifuu vya nazi vipo pwani, viwanda vya maziwa vinamwaga mabaki yake, na wachenjuaji wa Kanda ya Ziwa wana ujuzi wa miaka. Sifongo ya kunasa dhahabu inaweza kutengenezwa kwa malighafi zilizo karibu. Kazi iliyo mbele ni kuhakikisha kwamba bodi zinafika salama mahali ambapo sifongo hiyo itakuwa inazingoja.